Kunasa moshi wa makaa ya mawe: gharama hulipwa na nani?

Kila unapotajwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, hutokea wanaosema moshi wake unaweza kunaswa na kuzikwa ardhini. Jambo hilo linawezekana. Swali ni bei yake.

Hewa ya ukaa hutenganishwa na moshi kwa kemikali, hugandamizwa, kisha husafirishwa kwa bomba na kusukumwa chini sana kwenye miamba. Kazi hiyo yahitaji mvuke na umeme mwingi, navyo hutoka kwenye mtambo wenyewe. Kwa hivyo makaa huchomwa zaidi ili kupata umeme uleule wa kuuza.

Kanada ilianza mwaka 2014 katika mtambo wa Boundary Dam, jimbo la Saskatchewan. Kukarabati kitengo kimoja cha megawati 110 hivi na kukifunga vifaa vya kunasa hewa kuligharimu takriban dola bilioni 1.5 za Kanada. Serikali kuu ilichangia milioni 240, na sehemu kubwa ya hewa huuzwa kwa wachimba mafuta, ambao huisukuma visimani ili mafuta yatoke zaidi. Hata hivyo, mwaka 2018 shirika la SaskPower liliamua kutofunga vifaa hivyo katika vitengo viwili vingine.

Marekani, mradi wa Petra Nova karibu na Houston ulianza 2017 kwa takriban dola bilioni 1. Nao ulitegemea mafuta. Bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 2020, vifaa vya kunasa hewa vilizimwa, lakini mtambo wa makaa uliendelea kufanya kazi na moshi ukarudi angani. Mwaka 2022 kampuni ya NRG iliuza nusu yake ya mradi kwa dola milioni 3.6 tu. Vifaa viliwashwa tena 2023.

Funzo ni kwamba hewa iliyozikwa haina mnunuzi wa kawaida. Ama mchimba mafuta ainunue, ama serikali itoe ruzuku, ama mwenye mtambo atozwe kodi kwa moshi wake. Yote matatu yakikosekana, mzigo humwangukia mlipa bili ya umeme.

Sisi wa Pwani hesabu hii yatuhusu. Leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa wa megawati 1,050 uliopangwa Lamu ilifutwa Juni 2019 na mahakama maalum ya mazingira. Likirudi pendekezo kama hilo kwa ahadi ya kunasa moshi, tuulize: hewa itazikwa wapi, nani atalipa, na mlipaji akijitoa itakuwaje? Tena kunasa hewa hakuondoi jivu, wala maji ya moto yanayomwagwa baharini. Mali bila daftari hupotea bila habari.