Likizo ya Dar es Salaam: Njia Iliyotufanya Tuitwe Waswahili





Kila ikikaribia likizo ndefu ya Julai na Agosti, watoto wa madrasa yetu hapa Butare ya Rusizi huanza kutusumbua kwa swali moja. (Tunasema Butare ya Rusizi kwa sababu wageni wengi wakisikia Butare hudhani ni ule mji ambao sasa unaitwa Huye.) Swali lenyewe ni hili: "Ustadhi, tutakwenda lini Dar es Salaam kwenye bembea za maji?" Wameona picha za Kunduchi katika simu za kaka zao: watoto wanateleza kutoka juu kwenye mabomba marefu na kuangukia bwawani. Tangu hapo hawalali.

Mwaka jana tulisema tutakwenda, na hatukwenda. Kosa lilikuwa letu wenyewe. Tuliacha maandalizi mpaka wiki za mwisho, pasi za watoto wawili zikachelewa, na dalali mmoja aliyetuahidi gari la bei nafuu akala malipo ya awali na asionekane tena. Watoto walilia. Mwaka huu tumeanza mapema, na katika kuandaa safari limezuka jambo lililotufanya tuandike makala hii.

Siku tuliyokaa na watoto kuchora njia kwenye ubao, mmoja wao, wa miaka kumi na moja, aliuliza: "Ustadhi, mbona shuleni wananiita Umuswahili? Mimi si Mnyarwanda?" Wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka. Tukaona kuwa jibu la swali lake liko katika njia ile ile tuliyokuwa tunaichora.

NJIA TUTAKAYOPITA

Tutatoka Kamembe kwa basi, tupite msitu wa Nyungwe na Huye mpaka Kigali. Kutoka Kigali tutakwenda Rusumo, mpaka wa Tanzania, kisha Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida na Dodoma. Pale Dodoma tumeamua kushuka basi na kupanda treni ya umeme, ambayo ilianza safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Kutoka Kigali hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,500.

Wazee wetu walikuwa na njia nyingine pia, ya kushuka Bugarama, kuvuka Ruhwa, kupita Bujumbura na kufuata Ziwa Tanganyika hadi Ujiji. Lakini Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo katika mpango wetu tumechagua Rusumo.

RUSUMO: MLANGO ULIOKUWA UMEFUNGWA

Watoto wengi hudhani Uislamu ulifika Rwanda zamani sana kama ulivyofika pwani. Sivyo. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Tabora, Ujiji, Karagwe na Buganda, lakini Rwanda ilibaki nje ya njia hizo. Mfalme Kigeri wa Nne Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, hakuwapa wafanyabiashara hao ruhusa ya kuingia na kukaa katika nchi yake.

Na hapa lazima tuwaambie watoto ukweli wote. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu, nguo na shanga, lakini ilibeba pia watu waliofungwa minyororo kwenda kuuzwa. Baadhi ya waliofanya biashara hiyo walikuwa na majina kama yetu na walisali kama sisi. Uislamu umehimiza kuwaacha watumwa huru na ukakataza dhulma, na wao walijua hivyo. Tusiwafiche watoto jambo hili, maana wakija kulisikia kwa wengine watadhani tuliwadanganya na mengine yote.

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliingia Rwanda kwa upande wa Rusumo na kuikata nchi mpaka Ziwa Kivu. Safari yake ilianzia Pangani, pwani ya Tanganyika. Yaani alipita njia yetu kinyumenyume. Hakuwa peke yake: nyuma yake walikuwapo wapagazi na askari Waafrika waliobeba mizigo na silaha, na lugha iliyowaunganisha katika safari ilikuwa Kiswahili. Baadaye, kuanzia 1901 hadi 1906, von Götzen huyo huyo akawa gavana wa koloni zima la Kijerumani la Afrika Mashariki, na makao yake yalikuwa Dar es Salaam.

Watoto walishangaa sana tulipowaeleza hili. Mpaka mwaka 1916, Wabelgiji walipoingia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Rwanda ilikuwa sehemu ya koloni lililotawaliwa kutoka mji ule ule ambao wao wanaufikiria kwa ajili ya bembea za maji.

KIGALI: WALIOKUJA WAKABAKI

Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, Mjerumani ambaye kabla ya hapo aliishi upande wetu huu wa Ziwa Kivu. Nyumba yake ya Kigali leo ni makumbusho, na tumeiweka katika ratiba.

Pamoja na Wajerumani walikuja askari, makarani, mafundi na wachuuzi kutoka pwani, Tabora na Ujiji. Wengi wao walikuwa Waislamu. Wakaoa hapa, wakafungua maduka madogo, wakafundisha watoto wao alifu na bee. Msikiti wa kwanza wa Rwanda ulijengwa Nyamirambo mwaka 1913. Tutasali hapo in shaa Allah, na tutawaomba watoto wakae kimya dakika chache wawafikirie waliokwenda kusali hapo wakiwa wachache na wageni.

Walipotawala Wabelgiji mambo yakawa magumu. Waislamu waliwekwa katika mitaa yao maalumu iliyojulikana kama kambi za Waswahili, kama ile ya Biryogo pale Kigali, na walihitaji kibali ili kutoka kwenda sehemu nyingine. Elimu nayo ilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi aliyetaka mtoto wake asome aliogopa kumpoteza katika dini. Ndiyo maana wazee wetu wengi hawakuwa makarani wala walimu. Walikuwa wafanyabiashara, mafundi na madereva.

Hebu fikirini jambo hili, ndugu zetu. Watu waliozuiwa kutoka mtaani bila kibali ndio waliokuja kushika usukani wa malori na mabasi. Mzee mmoja wa hapa kwetu, Mungu amrehemu, aliendesha lori kwa miaka mingi. Alikuwa akitutajia miji ya njiani kama mtu anayesoma wirdi: Ngara, Kahama, Nzega, Singida. Watoto wake waliijua barabara hiyo kabla ya kujua ramani.

Basi hilo ndilo jibu la mtoto wetu. "Umuswahili" lilikuwa jina la kututenga, na mpaka leo wapo wanaolitumia kama tusi, wakimaanisha mtu mjanja asiyeaminika. Lakini mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ni katika mitaa hiyo hiyo ya Waswahili, Biryogo na Nyamirambo, ambako watu wengi waliofukuzwa walifichwa na majirani Waislamu. Hatusemi kila Mwislamu alisimama vizuri. Tunasema wengi walisimama, na wapo waliookoka ambao wametoa ushahidi wao. Na Kiswahili chenyewe, lugha ya waliodharauliwa, kilipitishwa mwaka 2017 kuwa lugha rasmi ya Rwanda.

DAR ES SALAAM: MCHEZO NA KUMBUKUMBU

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, akafariki 1870 kabla mji haujakua. Wajerumani walihamishia hapo makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Tutafikia Kariakoo kwa ndugu. Watoto wanaijua Kariakoo kwa soko na nguo za bei nafuu. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, walioweka kambi pale wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waafrika wengi mno walibebeshwa mizigo katika vita vile, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Tutakapokuwa tunachagua viatu vya Idi tutawakumbuka.

Kisha Kunduchi. Ndiyo, tutakwenda kwenye maji! Wapo wazazi waliotuuliza kama inafaa madrasa kupeleka watoto kuchezea mabembea. Tunajibu kwamba dini yetu haikuja kuua furaha. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na siku ya Idi aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini, Bibi Aisha akiwatazama. Cha muhimu ni stara, kuhifadhi sala na kutofuja mali. Wasichana watakuwa na mavazi kamili ya kuogelea na mama zao watakuwa pamoja nao, na tutapiga simu kabla kuuliza siku yenye watu wachache.

Lakini kuna kitu ambacho picha za kwenye simu haziwaonyeshi. Kunduchi hiyo hiyo, si mbali na mabwawa, yapo magofu ya msikiti wa kale unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au 16, na makaburi yenye nguzo ambazo zamani zilipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China. Waliozikwa pale walikuwa Waislamu wanaofanya biashara ya baharini miaka mingi kabla ya mtu yeyote kututia kambini. Tumepanga asubuhi twende magofuni kabla jua halijawa kali, tuwasomee Fatiha, kisha mchana twende majini. Mtoto atakayeteleza kwenye bomba atakuwa anajua ametoka kusimama wapi.

Siku ya mwisho tutakwenda Bagamoyo, takriban kilomita 70 kaskazini, ambako misafara ya bara iliishia. Tutaona ngome kongwe, na magofu ya Kaole yenye msikiti wa karne ya 13. Pale wapagazi walitua mizigo, na pale waliofungwa minyororo waliiona bahari kwa mara ya kwanza bila kujua wanapelekwa wapi. Tutawaambia watoto yote mawili.

MAANDALIZI

Ili yasitupate ya mwaka jana, tumekubaliana haya na tunawausia wengine:

1. Pasi ya kila mtoto iombwe Irembo miezi mitatu kabla. Kitambulisho peke yake tusikitegemee kwa kuvukia Rusumo.

2. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwekwe pamoja na pasi. Mtoto anayesafiri bila wazazi wake awe na barua yao ya idhini.

3. Pesa zikusanywe kidogo kidogo kila Ijumaa, ziandikwe daftarini mbele ya wazazi wawili. Asilipwe dalali yeyote bila risiti na mkataba.

4. Asiyeweza kulipa asiachwe. Wenye uwezo wamchangie kwa siri, mtoto asijue nani kalipiwa na nani hakulipiwa.

5. Watoto wafundishwe kabla dua ya safari, na namna ya kupunguza sala na kuzikusanya. Basi ni zaidi ya saa 24, na dereva aombwe mapema asimame nyakati za sala.

6. Kila mtoto awe na daftari. Kila tutakaposimama ataandika mistari mitatu: hapa ni wapi, nani alipita, na ni nini kilichomfurahisha au kumhuzunisha.

Allah (s.w.) ametuhimiza katika Qur'ani tutembee katika ardhi na tutazame. Wengi wetu tunatembea bila kutazama, tukapiga picha na kurudi. Hatutaki watoto wetu warudi na picha za bomba la maji tu.

Yule mtoto aliyeuliza swali lake ubaoni tumempa kazi. Yeye ndiye atakayeshika ramani na kutangaza jina la kila mji basi likiingia, kama alivyokuwa akifanya yule mzee dereva. Tumemwambia shule zikifunguliwa, akiitwa tena Umuswahili, awaombe wenzake wakae chini awasimulie jina hilo lilipita njia gani mpaka likamfikia yeye. Alitabasamu kidogo, akauliza kama Nzega iko kabla ya Singida au baada yake.

Tunamuomba Allah atuwafikishe safari hii, awahifadhi watoto wetu njiani na awarudishe kwa wazazi wao wakiwa salama, na awarehemu wazee wetu waliopita njia hiyo kabla yetu. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.