Umeme wa Bakteria katika Majitaka: Hoja ya Ulaya na Mahitaji Yetu

Wanaotetea bakteria wanaozalisha umeme husema kwamba majitaka ni hazina ya nishati tunayoitupa. Ni kweli, ila ukweli huo haujakamilika, na kwa Afrika Mashariki unaweza kutupotosha. Ninadai kwamba teknolojia hii inatufaa, lakini kwa sababu tofauti na zinazoisukuma Ulaya na Marekani.

Mwaka 1911 M. C. Potter, mtaalamu wa mimea wa Durham, Uingereza, alionyesha kwamba vijidudu vinapovunjavunja vitu vya oganiki huzalisha umeme. Miongo mingi baadaye, mwaka 1987, Derek Lovley alieleza bakteria wa kundi la Geobacter aliyetoka kwenye tope la mto Potomac, Marekani. Sisi huvuta oksijeni ili ipokee elektroni zinazotokana na chakula. Geobacter, anayeishi topeni pasipo oksijeni, huzitoa elektroni nje ya seli yake, kupitia protini zenye chuma, hadi kwenye kutu inayomzunguka. Ukimnyima kutu ukampa elektrodi ya kaboni, atazipeleka huko. Zitapita kwenye waya mpaka elektrodi ya pili inayoguswa na hewa, ziungane na oksijeni na protoni kuwa maji. Uchafu unaliwa, na mkondo wa umeme unapita.

Lakini mkondo wa kiasi gani? Majitaka ya majumbani ambayo uchafu wake unahitaji gramu 500 za oksijeni kwa mita moja ya ujazo yana nishati ya takriban kilowati-saa 2. Kinadharia seli ya umeme ya namna hii, yaani elektrodi mbili pamoja na bakteria wake, ingefikia karibu volti 1.1, lakini ikifanya kazi, mara nyingi hubaki 0.3 hadi 0.5. Elektroni nyingine hutekwa na vijidudu vinavyotengeneza methani. Tukikadiria kwamba thuluthi ya elektroni inafika, kwa thuluthi ya volti, tunapata kama kilowati-saa 0.2. Mwaka 2004 kikundi cha Bruce Logan huko Pennsylvania kilipata miliwati 26 kwa mita ya mraba ya elektrodi, huku uchafu ukipungua kwa hadi asilimia 80. Kwa kiwango hicho, taa ya wati 5 ingedai elektrodi za mita za mraba 190 hivi! Matokeo yamepanda tangu hapo, ila mtambo ukikuzwa ukinzani wa ndani bado huongezeka.

Ulaya na Marekani wanaendelea na teknolojia hii kwa sababu nyingine. Mitambo ya tope hai, mbinu iliyozaliwa Manchester mwaka 1914, hupuliza hewa majini usiku na mchana, na kazi hiyo peke yake hula takriban nusu ya umeme wa mtambo. Bakteria wa umeme hawahitaji kupuliziwa hewa, na kwa kuwa hukua polepole huacha tope kidogo. Faida kuu, basi, ni umeme ambao hautumiki.

Dandora jijini Nairobi na Vingunguti jijini Dar es Salaam majitaka husafishwa kwenye mabwawa, kwa jua, mwani na muda. Huwezi kuokoa umeme usioutumia. Isitoshe, wakazi wengi wa miji yetu hutumia vyoo vya shimo na hawana bomba la majitaka. Mtambo mkubwa wa kati hautawafikia.

Mfano wetu uko Kisoro, Uganda. Mwaka 2017 kikundi cha Ioannis Ieropoulos wa Bristol kilifunga katika shule ya wasichana seli zinazolishwa mkojo na kuwasha taa za choo usiku. Chumvi za mkojo hupitisha umeme vizuri, na hitaji lenyewe ni dogo. Atakayesema paneli ya jua ingetoa mwanga kwa bei nafuu zaidi atakuwa sahihi kuhusu mwanga tu: paneli haisafishi mkojo. Msichana anayekwenda chooni gizani anastahili vyote viwili.

Matumizi ya pili nayathamini zaidi. Mkondo wa seli hupanda na kushuka kufuatana na uchafu, kwa hiyo seli ndogo kwenye mfereji wa kiwanda inaweza kutoa taarifa siku hiyo hiyo, wakati kipimo cha kawaida cha mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia huchukua siku 5. Hapa udogo wa umeme si kasoro, kwani tunachokitaka ni ishara. Maabara za vyuo vikuu vyetu zianzie hapo, zikikumbuka kwamba maji yanayotoka kwenye seli hizi bado yana vimelea, nitrojeni na fosforasi, na lazima yapitishwe kwenye bwawa au kitalu cha matete kabla ya kufika mtoni.