Mukuba, asidi na swali la nkambo: kwa nini nilisomea kemia ya viwanda



Wiki mbili zilizopita mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, alinitumia sauti kwa WhatsApp. «Yaya, nimepata diplomu ya Serikali. Papa anataka nisome sheria. Mi niko nafikiria kemia ya viwanda kwa Politekniki. Lakini batu banasema ba-injinia ya kemia biko mingi bila kazi. Ni kweli?»

Nilitaka kumjibu kwa dakika moja, nikashindwa. Nikaanza kuandika. Jibu limekuwa refu, na kwa sababu najua wengi wenu mko na wadogo wanaouliza swali hilo hilo, naliweka hapa.

Mwaka 2013 mimi pia nilikaa mbele ya baba yangu na swali hilo. Aliweka kikombe cha chai mezani, akaniuliza: «Unataka usome miaka mitano juu ya kutengeneza sabuni?» Kwake, kemia ilikuwa sabuni na dawa ya mende. Mtu wa maana anakuwa avoka ama daktari.

Aliyeniokoa siku hiyo ni nkambo, baba ya baba. Nkambo aliingia kazi Likasi mwaka 1957, kwenye jumba la elektrolizi, kule ambako shaba inatolewa ndani ya maji kwa nguvu ya umeme. Alikuwa mzee sana tayari, anasikia kwa shida, lakini ile alisikia. Akasema: «Mwache. Mi niliangalia ile maji miaka makumi tatu. Ikiwa bulu sana, mukuba iko mingi ndani. Ikianza kupauka, mukuba imeshaenda kwa bamba. Ile nilijua vizuri. Lakini juu ya nini inapauka, hakuna mutu alinieleza.»

Baba alinyamaza. Mimi nikaenda kujiandikisha. Nilipofika masomoni ndipo nikaanza kuelewa kwamba lile neno la nkambo halikuwa lake peke yake. Ni historia ya Katanga nzima.

Tuanze mbali kidogo. Watu wengi wanafikiri kazi hii ililetwa na wazungu. Sivyo. Katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba wamechimbua misalaba ya shaba ambayo ilizikwa karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kukanyaga hapa. Misalaba hiyo ilikuwa mali na baadaye ikawa kama pesa. Karne ya 19, wakati wa Msiri kule Bunkeya, Bayeke walikuwa wanajulikana mbali kwa shaba yao. Walichukua malakiti, lile jiwe la kijani, wakaliweka na makala ndani ya tanuru la udongo wa kichuguu, wakapuliza kwa mivukuto. Ukifungua kitabu cha kemia utaona kinachotokea mule: moto unavunja jiwe, gesi inayotoka kwa makala inaondoa oksijeni, shaba inabaki. Bankambo hawakuandika hesabu, lakini walijua kiasi cha makala, nguvu ya upepo, na wakati wa kufungua tanuru. Fundi aliyejua alikuwa mtu wa heshima, na siri ilipita kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana aliyechaguliwa.

Kumbukeni hilo: mwenye kazi na mwenye maarifa walikuwa mtu mmoja.

Msiri aliuawa mwaka 1891. Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ikamwaga shaba yake ya kwanza. Lile bomba refu na ule mlima mweusi wa takataka ya tanuru, ambao kila mtoto wa Lubumbashi anauchora akiambiwa achore mji wake, vinatoka kwenye historia hiyo.

Sasa, miaka ile ile huko Ulaya na Marekani kazi mpya ilikuwa inazaliwa. Mwaka 1887 Mwingereza George E. Davis alitoa masomo 12 pale Manchester. Aliona kwamba viwanda vya sabuni, rangi, asidi na bia vinaonekana tofauti lakini ndani vinafanya mambo yale yale: kuyeyusha, kuchuja, kukausha, kupasha moto, kutenganisha. Mwaka 1888 chuo cha MIT kikafungua masomo ya uhandisi wa kemia. Mwaka 1915 Mmarekani Arthur D. Little akaipa fikra hiyo umbo: jifunze zile hatua za msingi, moja moja, na utaweza kuingia kiwanda chochote.

Hapo ndipo tofauti ya mkemia na mhandisi wa kemia. Mkemia anaweka unga wa kijani katika kikombe, anatia asidi, anaona maji ya bulu. Mhandisi anauliza: nikiwa na maelfu ya tani za jiwe, asidi itatoka wapi? Pampu gani haitaliwa na asidi? Joto litaenda wapi? Maji machafu nitayapeleka wapi? Na bei ni ngapi?

Katanga ilikutana na maswali hayo mapema. Mawe tajiri ya kuweka moja kwa moja kwenye tanuru hayakutosha milele. Mawe yenye shaba kidogo yalitaka njia nyingine: kuyasaga, kuyaloweka katika asidi sulfuriki, kisha kupitisha umeme ndani ya yale maji ya bulu ili shaba ijishike kwenye bamba. Kiwanda cha namna hiyo kilianza mwaka 1929 Shituru, Likasi, mji ambao wakati wa ukoloni ulikuja kuitwa Jadotville. Umeme ulitoka Mwadingusha, kwenye maporomoko ya mto Lufira, ambako mitambo ilikamilika mwaka 1930. Asidi nayo ilibidi itengenezwe hapa hapa, maana nani angebeba asidi kwa treni kutoka baharini kila siku? Baadaye, mwaka 1960, kiwanda cha Luilu kikafunguliwa karibu na Kolwezi. Kwa maneno mengine, nyumbani kwetu kulikuwa kiwanda kikubwa cha kemia kabla nchi nyingi za Afrika hazijakuwa hata na kidogo.

Na kwa nini maji yanapauka? Nkambo, jibu ni hili. Ile rangi ya bulu ni shaba yenyewe, imeyeyuka ndani ya maji, kila chembe ikiwa imepoteza elektroni mbili. Umeme unazirudisha zile elektroni mbili, chembe inakuwa chuma tena, inakaa kwenye bamba. Kadiri shaba inavyotoka, rangi nayo inaondoka. Mwalimu alitueleza kwa nusu saa, mwaka wa pili. Nilikaa kule nyuma nikasikia kama mtu amenipiga kifuani. Miaka 30, na lilikuwa jambo la nusu saa.

Kwa nini nkambo hakuelezwa? Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliamua kuwaweka wafanyakazi na familia zao karibu na kiwanda, na shule zikaja pamoja nao. Watoto walifundishwa kusoma, kuhesabu, useremala, umakanika. Lakini ngazi ya hesabu ya kiwanda chenyewe ilibaki juu, mbali na mtoto wa kambi. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na kile cha Lubumbashi mwaka 1956. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo wenye diplomu ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Mikono ilikuwa mingi, lakini daftari lilikaa kwa mtu mwingine.

Na hata yule mwenye daftari hakumalizia kazi yote hapa. Fikiria Shinkolobwe. Jiwe lilichimbwa Katanga, lakini radiamu yake ilitolewa Olen, Ubelgiji, kuanzia mwaka 1922. Uraniamu ya hapo hapo ndiyo ilisafirishwa New York mwaka 1940, na miaka miwili baadaye Wamarekani wakaichukua kwa mradi wao wa bomu. Shaba na kobalti nazo, sehemu kubwa ya usafishaji wa mwisho ilifanyika Ubelgiji. Hatua za kwanza, zile za vumbi na asidi, zilibaki kwetu. Hatua za mwisho, zile zinazoongeza bei, zilivuka bahari.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika kwa sehemu. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha Union Minière, ikazaliwa kampuni ambayo leo tunaiita Gécamines. Vijana Wakongo walianza kusoma uhandisi na kukaa kwenye viti vya kuongoza mitambo. Katikati ya miaka ya 1980 nchi ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, pesa za kutengeneza mashine zikakosa, siasa zikachafuka, na kufika mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Tafakari: mtu aliyesoma miaka mitano akafika kiwandani wakati pampu zinasimama moja baada ya nyingine. Wale ndio waliotufundisha. Wengine walikuwa wanauza mikate asubuhi, saa nane wanakuja kutufundisha uhamisho wa joto.

Kodi ya madini mpya ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa kampuni za nje, na kuanzia mwaka 2009 viwanda vikubwa vipya, kama kile cha Tenke Fungurume, vikaanza kutoa mabamba ya shaba. Leo Kongo inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, na kobalti yetu ni zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima. Shaba tunaifikisha mpaka bamba safi. Hilo ni jambo kubwa, tusilidharau. Lakini kobalti inatoka hapa ikiwa bado ni hidroksidi, unga wenye maji ndani ya mifuko mikubwa. Sehemu kubwa inaenda China, ndiko inageuzwa kuwa chumvi safi ya kutengenezea betri. Ni Olen ile ile, imehama tu upande wa bahari. Mwaka 2022 Kongo na Zambia walitia sahihi mapatano ya kujenga pamoja kazi ya betri. Februari 2025 serikali ikasimamisha kutuma kobalti nje ili bei ipande. Tunaweza kufunga bomba, ndiyo. Lakini kusafisha wenyewe mpaka mwisho kunataka watu wanaojua ile nusu ya pili ya kazi, na watu hao hawapatikani kwa amri.

Sasa mdogo wangu, nikujibu.

Ni kweli wengi wako bila kazi? Ndiyo, wako. Mimi nilimaliza nikakaa miaka miwili. Nilifanya staji mahali ambapo kwa miezi sita kazi yangu ilikuwa kubeba mifuko ya sampuli kutoka oto mpaka labo, bila franka hata moja ya usafiri. Jioni nilikuwa nafundisha hesabu nyumbani kwa watu. Papa yako hasemi uongo, na usimjibu vibaya.

Leo niko kwenye labo ya kiwanda, ninapima asidi, na kuna siku nakataa kusaini maji yatoke kuelekea mto mpaka yasafishwe. Siku hizo ndizo ninazokumbuka diplomu yangu inatumika kwa nini. Asidi ikishamaliza kazi inaenda mahali fulani, na mahali hapo kuna mama anafua nguo.

Ukichagua, usichague kwa ajili ya mgodi tu. Kumbuka yule Davis wa Manchester: hatua ni zile zile. Maji ya bomba yanasafishwa kwa kemia. Bia, saruji, sukari, mafuta ya mawese, vyote ni kazi yetu. Jifunze hesabu vizuri, maana huko ndiko wengi wanaanguka mwaka wa kwanza, si kwenye kemia. Jifunze Kiingereza pia. Na ukifika staji, usikubali kubeba mifuko bila kuuliza kilicho ndani yake na kinakoenda.

Na ile sabuni ya baba? Miaka mitano baadaye nilimwambia kwamba mwaka 1911, mwaka ule ule shaba ya kwanza ilimwagwa Lubumbashi, Lever alipata ardhi kubwa hapa Kongo kwa ajili ya mawese, na yale mawese yalikuwa ya sabuni za Uingereza. Nikamwambia: «Baba, hata sabuni tulikuwa tunatoa mafuta tu. Wengine ndio walitengeneza.» Alicheka, akasema: «Basi rudi utengeneze.»

Nkambo alifariki kabla sijamaliza masomo. Lakini likizo ya mwaka wa pili nilimkuta chini ya mwembe, nikamweleza habari ya zile elektroni mbili, polepole, kwa sauti kubwa juu ya masikio yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: «Kumbe ni ile tu.» Kisha akaomba nirudie.

Bandugu waliosomea kemia ya viwanda, mwaka wowote ule, muandikie huyu mdogo hapa chini: mliingia vipi, na leo mko wapi?