Kigoda cha Milansi

Kijana akienda ng'ambo kuishi na familia ya wenyeji, huaswa mengi: salimia, kula unachopewa, usiingie chumba usichokaribishwa. Mfipa angeongeza moja: angalia unapokalia.

Maana hadithi ya dola ya Ufipa inaanza na wageni. Mfalme wa Milansi alikwenda kuwinda. Huku nyuma wakafika wanawake kutoka mbali, wa ukoo wa Twa, wakakalia kigoda chake. Aliporudi, nchi ilikuwa imeshakwenda. Ukoo wa Twa ukatawala. Yeye akabakiwa na Milansi yake ndogo na heshima ya matambiko. Kukaa tu, basi!

Sasa hebu fikiria. Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, anafika Mwingereza, Roy Willis, kuishi Ufipa na kujifunza mila. Wageni waliokalia vigoda ndiyo kwanza wameondoka, tena ni ndugu zake. Na bado watu walimpokea, wakamsimulia hadithi hiyo hiyo ya kigoda. Sijui kama kuna aliyecheka kidogo akiisimulia.

Mwaka 1981 ikatoka ndani ya kitabu chake, A State in the Making. Namshukuru, bila yeye nisingeisoma. Ila niliisoma kwa Kiingereza, nikiwa Sumbawanga, na ilinibidi nimtafsirie mama mmoja wa Kifipa niliyekuwa nimefikia kwake. Alinisikiliza, akanisahihisha mara mbili.