Naftali Temu: Dhahabu ya kwanza ya Kenya iliyotoka nyanda za Gusii

SWALI la nani aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki hujibiwa upesi mno, na mara nyingi hujibiwa vibaya. Wengi humtaja Kipchoge Keino. Hata katika maeneo ya Gesima, Keroka na Nyamira, ambako jibu sahihi lingepaswa kuwa midomoni mwa kila mtoto wa shule, si ajabu kusikia jina hilohilo.

Ukweli ni kwamba dhahabu hiyo ilinyakuliwa na mwana wa jamii ya Abagusii, Naftali Temu, Oktoba 13, 1968, katika mbio za mita 10,000 jijini Mexico City. Keino alishinda dhahabu yake ya mita 1,500 siku saba baadaye, Oktoba 20. Kati ya tarehe hizo mbili, Amos Biwott naye alikwisha kutwaa dhahabu ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kwa mpangilio wa kalenda, basi, dhahabu ya Keino ilikuwa ya tatu.

Jambo la pili husahaulika zaidi. Tangu siku hiyo ya 1968 hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya aliyeshinda mbio za mita 10,000 katika Olimpiki.

Chimbuko

Temu alizaliwa Aprili 20, 1945, upande wa Sotik, mpakani mwa nchi ya Abagusii na ya Wakipsigis. Wakati huo Nyamira ilikuwa bado haijawa wilaya inayojitegemea. Nyanda za Gusii ziko juu, kati ya mita 1,500 na zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwili wa mtu aliyekulia huko huzoea kufanya kazi kwa hewa nyepesi. Jambo hilo lilikuja kuwa na maana kubwa katika maisha yake.

Hakuwa wa kwanza kutoka eneo hilo kuvuma katika riadha. Mnamo 1954, Kenya iliposhiriki kwa mara ya kwanza michezo iliyokuja kuitwa ya Jumuiya ya Madola, jijini Vancouver, Canada, Nyandika Maiyoro wa Kisii alimaliza wa nne katika mbio za maili tatu. Maiyoro huyo alikuwa wa saba katika fainali ya mita 5,000 ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na wa sita jijini Rome mwaka 1960. Naye Arere Anentia, pia wa Gusii, alipata nishani ya shaba katika maili sita jijini Cardiff mwaka 1958.

Kwa hiyo kabla Bonde la Ufa halijatambulikana kuwa kitovu cha mbio ndefu duniani, jina la Kenya lilikuwa limekwisha kupelekwa ng'ambo na wakimbiaji wa Gusii. Temu, aliyekuwa mwanajeshi, aliipokea njia ambayo wakubwa wake walikuwa wameifyeka.

Somo la Tokyo

Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa ya Tokyo mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 19. Haikuwa njema. Hakumaliza mbio za mita 10,000, na katika marathoni alikuwa wa 49. Nishani pekee ya Kenya katika michezo hiyo ilikuwa ya shaba, iliyopatikana na Wilson Kiprugut katika mita 800.

Hata hivyo, katika mbio hizo za mita 10,000 za Tokyo walikuwamo watu wawili ambao Temu angekutana nao tena. Mmoja alikuwa Mohamed Gammoudi wa Tunisia, aliyetwaa fedha. Wa pili alikuwa Ron Clarke wa Australia, aliyetwaa shaba. Mshindi alikuwa Mmarekani Billy Mills, ambaye ni wachache waliomtarajia.

Clarke ndiye aliyekuwa kigezo cha mbio ndefu katika miaka hiyo. Mnamo Julai 1965 jijini Oslo, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 27 sekunde 39.4, muda ambao hakuna aliyekuwa ameukaribia. Yeyote aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa wakubwa alilazimika kwanza kumshinda yeye.

Kingston, 1966

Nafasi hiyo ilikuja Agosti 1966 jijini Kingston, Jamaica, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika mbio za maili sita, Temu alimwacha Clarke kwa zaidi ya sekunde 20 na kushinda kwa dakika 27 sekunde 14.6. Nafasi ya tatu ilichukuliwa na Jim Alder wa Scotland.

Katika michezo hiyohiyo, Keino alishinda maili moja na maili tatu, na katika maili tatu pia Clarke alikuwa wa pili. Baada ya Kingston, hapakuwa na sababu ya kuwaona Wakenya kuwa wageni tu waliokuja kujifunza.

Wapo waliosema joto la Jamaica ndilo lililomshinda Clarke. Iwe hivyo au sivyo, Temu alikuwa amekimbia katika joto lilo hilo.

Saa ya Mexico

Mexico City iko mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari. Kabla ya michezo ya 1968, mjadala ulikuwa mkali kuhusu athari za hewa hiyo yenye oksijeni kidogo kwa wakimbiaji wa masafa marefu. Wenyeji wa nchi za tambarare walikuwa na hofu, nayo ilikuwa na msingi.

Fainali ya mita 10,000 ilifanyika siku ya kwanza ya mashindano ya riadha. Mwendo ulikuwa wa pole katika nusu ya kwanza, kila mmoja akiogopa kujimaliza mapema. Kadiri mizunguko ilivyopungua ndivyo kundi la mbele lilivyopukutika. Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi ya kibofu cha nyongo, alishikwa na maumivu makali na kutoka nje ya njia ikiwa imesalia mizunguko michache. Tumaini la Kenya likabaki kwa Temu.

Mwishoni mbio zilibaki kuwa za Waafrika watatu: Temu, Gammoudi na Mamo Wolde wa Ethiopia. Wolde aliongoza kuingia mzunguko wa mwisho. Temu hakumwachilia, na walipoelekea kwenye utepe akampita na kushinda kwa dakika 29 sekunde 27.4. Wolde alitumia dakika 29 sekunde 28.0, na Gammoudi dakika 29 sekunde 34.2. Tofauti kati ya dhahabu na fedha, baada ya mizunguko 25, ilikuwa chini ya sekunde moja.

Muda huo wa Temu ulikuwa nyuma ya rekodi ya dunia ya Clarke kwa karibu dakika moja na sekunde 48. Anayeutazama leo bila kuijua Mexico huweza kudhani kwamba mbio hizo zilikuwa hafifu. Hali ya Clarke mwenyewe inatoa jibu: alimaliza wa sita, akaanguka na kupoteza fahamu, akalazimika kupewa oksijeni. Mbele yake, zaidi ya Waafrika hao watatu, walikuwa Juan Martínez wa Mexico na Nikolay Sviridov wa Muungano wa Kisovieti.

Kenya ilikuwa haijatimiza miaka mitano ya uhuru. Siku hiyo wimbo wake wa taifa ulipigwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza.

Siku nane, fainali tatu

Temu hakuridhika na mbio hizo. Oktoba 17 alirejea uwanjani kwa fainali ya mita 5,000. Gammoudi alishinda kwa dakika 14 sekunde 05.0, Keino akawa wa pili kwa tofauti ya sehemu mbili za kumi za sekunde, na Temu akatwaa shaba kwa dakika 14 sekunde 06.4. Clarke alikuwa wa tano.

Oktoba 20 akaingia katika marathoni, kilomita 42 na mita 195. Alikuwa miongoni mwa waliokimbia mbele kwa sehemu kubwa ya safari, kisha nguvu zikamwishia na akamaliza wa 19. Mshindi alikuwa Wolde, yuleyule aliyemshinda wiki moja kabla. Siku hiyohiyo Keino alimshinda Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500, na ushindi huo ndio uliobaki katika kumbukumbu za watu.

Kenya ilirudi nyumbani na nishani tisa: dhahabu tatu, fedha nne na shaba mbili. Mbili kati ya hizo tisa zilikuwa za Temu peke yake. Nyingine, fedha ya kupokezana kijiti mita 400 kwa wanne, ilikuwa na jasho la wana wengine wawili wa Gusii, Charles Asati na Munyoro Nyamau, waliokimbia pamoja na Daniel Rudisha na Naftali Bon.

Kushuka kwa nyota

Kilele hicho hakikudumu. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Temu hakupata nishani. Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, hakuvuka hatua ya mchujo ya mita 10,000. Alikuwa na umri wa miaka 27 tu.

Nuru ya Gusii, hata hivyo, haikuzimika naye. Edinburgh mwaka 1970, Asati alishinda mita 400 na Robert Ouko, mwanariadha na wala si waziri wa jina hilo, akashinda mita 800. Munich mwaka 1972, Asati, Nyamau na Ouko, wakiwa na Julius Sang, waliipa Kenya dhahabu ya kupokezana kijiti. Watatu kati ya wanne hao walikuwa wa Gusii.

Mita 10,000 nazo zilirudi Gusii. Yobes Ondieki, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1991, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 sekunde 58.38 jijini Oslo Julai 10, 1993, na kuwa binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 27. Mwaka uliofuata Lameck Aguta alitwaa dhahabu ya masafa hayo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Victoria, Canada.

Pengo lisilozibika

Kwa nini basi Temu amesahaulika? Keino alikuwa na maisha marefu ya mashindano na ya uongozi. Alishinda dhahabu nyingine Munich, akaja kuongoza Kamati ya Olimpiki ya Kenya kwa miaka mingi, na uwanja wa michezo mjini Eldoret unaitwa kwa jina lake. Temu alifariki mapema, Machi 10, 2003, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, akiugua saratani. Alikuwa hajafikisha miaka 58.

Sifa za Keino ni halali yake. Lakini heshima ya mmoja haihitaji kufuta tarehe ya mwingine, na uzito wa alichofanya Temu umezidi kuonekana kadiri miaka inavyopita. Kenya haikushiriki michezo ya 1976 na 1980. Baada ya hapo, Richard Chelimo alipata fedha Barcelona mwaka 1992 nyuma ya Khalid Skah wa Morocco. Paul Tergat alishindwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia mwaka 1996, na tena mwaka 2000 kwa sehemu tisa za mia za sekunde. Paul Tanui alikuwa wa pili nyuma ya Mo Farah wa Uingereza mwaka 2016. Paris mwaka 2024, dhahabu ya wanaume ilikwenda kwa Joshua Cheptegei wa Uganda.

Mkenya wa pili kushinda mita 10,000 katika Olimpiki alikuwa mwanamke, Beatrice Chebet, katika michezo hiyohiyo ya Paris. Miaka 56 ilikuwa imepita tangu Temu ampite Wolde katika mita za mwisho.

Safari ya Temu kwa muhtasari

1964, Olimpiki ya Tokyo: hakumaliza mita 10,000, wa 49 katika marathoni.

1966, Jumuiya ya Madola, Kingston: dhahabu, maili sita, 27:14.6.

1968, Olimpiki ya Mexico City: dhahabu, mita 10,000, 29:27.4, shaba, mita 5,000, 14:06.4, wa 19 katika marathoni.

1970, Jumuiya ya Madola, Edinburgh: bila nishani.

1972, Olimpiki ya Munich: aliondolewa katika mchujo wa mita 10,000.