Biti, Hezi na Sauti ya Saba: Usahihi Gani Unahitajika Kuhifadhi Muziki wa Wagogo?

Wanaohifadhi muziki wa asili kwa njia ya kidijitali hubishana sana juu ya jambo moja: turekodi kwa biti 16 au 24? Nadai kwamba kwa muziki wa Wagogo wa Dodoma, Tanzania, kosa linalosikika hutokea kwingine kabisa.

Biti 16 hugawa ukubwa wa wimbi la sauti katika ngazi 65,536. Biti 24 huzidisha ngazi hizo zikapita milioni 16. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 za nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Pale Chamwino, mkoani Dodoma, ambapo ngoma za muheme za akina mama huweza kulipuka mara baada ya ilimba, ala ya ndimi za chuma, kupigwa kwa upole, ziada hiyo ina kazi: fundi mitambo huweka kiwango cha chini, akaacha nafasi ya kishindo, na ilimba isizame katika mvumo wa mashine. Rekodi ikishakamilika, msikilizaji haihitaji ziada hiyo. Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran wa Marekani walichapisha majaribio 554 ya kulinganisha rekodi za usahihi wa juu na hizohizo zikiwa zimepitishwa kwenye biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde. Wasikilizaji walipatia mara 276, sawa na kubahatisha.

Sikio hilohilo ni kali mno kwa jambo jingine. Kama mtafiti wa muziki Gerhard Kubik alivyoeleza, ngazi ya sauti za Kigogo, ambayo mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia, imejengwa juu ya sauti ndogo zinazojitokeza ndani ya mvumo mmoja, ikiwemo ya saba. Msingi wa mvumo huo ukiwa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, sauti ya nne ni hezi 200 na ya saba ni 350. Kinanda cha studio, chenye oktava ya hatua 12 zilizo sawa, kikianzia 200 hakina 350. Kitufe cha karibu hutoa 356. Tofauti ni kama theluthi ya nusu toni, na mpatano uliotulia hugeuka mkwaruzo.

Programu za kunyoosha sauti hufanya kosa hilohilo, tena kwa hesabu za biti 32: waimbaji huvutwa kwenye hatua 12 kwa usahihi wa kutisha. Tutaambiwa kwamba waimbaji wenyewe hupishana kidogo, na kwamba vijana wa Dodoma wamelelewa na vinanda vya kwaya. Ni kweli, na muziki una haki ya kubadilika. Lakini mabadiliko hayo wayaamue waimbaji, yasiamuliwe na mpangilio uliokuja na programu. Kwa hiyo kila faili la hifadhi lisiguswe na kinyooshi, na liambatane na vipimo vya hezi vya kila ulimi wa ilimba iliyopigwa siku hiyo.