Posa na Jina: Namna ya Kuleta Programu Mpya katika Debian

Mwaka jana kijana mmoja ninayemfundisha kompyuta hapa Mombasa alikesha miezi miwili akiiandaa programu moja iingie katika Debian. Alipomaliza ndipo akagundua kwamba mtu mwengine, yuko Ulaya, alishatangaza nia ya kazi hiyo hiyo kitambo. Tangazo lilikuwa wazi, yeye tu hakulitafuta. Naandika haya ili vijana wetu wengine wasikeshe bure.

Debian ni mfumo endeshi huria ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993. Jina lenyewe ni la mapenzi: aliunganisha jina la mchumba wake, Debra, na lake mwenyewe. Ubuntu, ambayo wengi wetu twaijua zaidi, imejengwa juu yake. Programu hukaa humo ndani ya vifurushi (sio vile vya bando), na kila kifurushi huwa na msimamizi.

Anayetaka kuleta kifurushi kipya huanza kwa kile ninachokiita posa. Huandika ripoti katika daftari la hitilafu la Debian, chini ya kifurushi cha kubuni kiitwacho wnpp. Kichwa cha ripoti huanza kwa herufi ITP, kisha jina la kifurushi, kisha maelezo mafupi. Maana yake: nakusudia kukileta mimi. Ndani hutajwa aliyeiandika programu, leseni yake, na kazi inayofanya. Ripoti hupewa nambari, na kifurushi kikishaingia, nambari hiyo hutajwa katika orodha ya mabadiliko na ripoti ikafungwa.

Ikiwa waitaka programu lakini kazi huiwezi, andika RFP, yaani ombi. Kifurushi kilichoachwa na msimamizi wake huwekewa O, yatima. Anayejitolea kukilea hubadilisha kichwa kikawa ITA. Mimi huwashauri wanaoanza waende kwa hao mayatima kwanza. Ndiko unakojifunza kazi. Lakini kabla ya lolote, tafuta kama kuna aliyekutangulia.

Tuje kwenye jina. Kanuni ni herufi ndogo, tarakimu, alama za kujumlisha na kutoa, na nukta. Lisipungue alama mbili, na lianze kwa herufi au tarakimu. Hilo jepesi. Kazi ipo pale jina linapokuwa na mwenyewe. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ilipofika Debian ilikuta jina git ni la programu kongwe ya GNU. Ikaitwa git-core miaka kadhaa, mpaka ile kongwe ilipobadilishwa kuwa gnuit. Node.js nayo ilikuta amri ya node inatumiwa na watu wa redio, na kesi ikafika mbele ya kamati ya ufundi mwaka 2012. Kwa muda ikabidi amri iitwe nodejs, wakababaika wengi, kwani mafunzo yote yaliandika node. Hata hivyo naona Debian ilifanya haki: umaarufu haukunyang'anyi aliyetangulia jina lake.

Yule kijana alimwandikia mwenzake wa Ulaya barua ya adabu, akamtumia kazi aliyokwisha ifanya. Sasa wanakisimamia kifurushi pamoja, na tafsiri ya Kiswahili iliyomo ni yake.